Kipenyo ni Namba ya Mwisho Kuiuliza

Mbeya, Julai

Baridi ya mwezi huu inaziumbua saa nene. Mkono wa sweta unashuka hadi kwenye kiganja, juu yake kuna jaketi, na saa yenye unene wa milimita 14 inakwama palepale kwenye ukingo wa sweta. Kila ukitaka kujua majira, kwanza uvute nguo. Yenye milimita 9 au 10 inapita chini bila kushika. Kwa hiyo nikiulizwa siku hizi kuhusu saa kubwa au ndogo, naanza na unene, kisha urefu wa masikio, yaani vile vishikio vinavyobeba mkanda, kutoka ncha ya juu hadi ya chini. Kipenyo, yaani upana wa bodi ya saa, nakiuliza mwisho. Zamani nilianza nacho, na sikuwa peke yangu.

Kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita, kipenyo cha milimita 34 hadi 36 kilikuwa saa ya mtu mzima isiyo na mjadala. Calatrava ya kwanza ya Patek Philippe, ya mwaka 1932, haikufika hata milimita 32. Rolex Datejust ilitoka 1945 ikiwa na 36. Seiko 5 za zamani, zile ambazo wazee wengi wa huku bado wanazivaa, nyingi ziko kwenye 36 au 37. Mwaka 1993 Audemars Piguet wakatoa Royal Oak Offshore ya milimita 42, na Panerai, waliokuwa wakiwatengenezea wapiga mbizi wa jeshi la majini la Italia, wakaanza kuwauzia raia saa za 44. Hapo mlango ukafunguka, na muda si mrefu saa ya 36 ikaanza kuitwa ya kike. Rolex wenyewe waliivuta Explorer kutoka 36 hadi 39 mwaka 2010, kisha 2021 wakairudisha 36. Ni mambo ya bugaluu na modo: suruali inapanuka, inabana, inapanuka tena, na mguu ni uleule.

Hata hivyo si fasheni tu. Saa kubwa inasomeka haraka, na macho yakianza kuchoka hilo si jambo dogo. Mtu wa miaka 60 anayechagua 42 kwa sababu hiyo simbishii.

Ninachobisha ni tabia ya kupima mzingo wa mkono kwa futi ya fundi cherehani, ukapata labda milimita 170, ukaamini umemaliza. Watu wawili wenye 170 wanaweza kuwa na mikono tofauti kabisa: mmoja bapa, mwingine wa duara. Kinachobeba saa ni ule ubapa wa juu. Weka rula ya shule juu ya mkono, nyuma kidogo ya mfupa uliochomoza upande wa kidole cha mwisho, usome upana kutoka ukingo hadi ukingo. Ukipata 52, saa ambayo masikio yake ncha hadi ncha yana 48 itatulia. Yenye 52 kamili inabana nafasi, na ya 54 itaning'inia: mkanda unashuka wima badala ya kukumbatia mkono, uwazi unabaki chini ya masikio, saa inazunguka kuelekea nje, na kitufe cha kurekebishia kinachimba mgongo wa kiganja kila ukikunja mkono. Asiyetaka hesabu akate kipande cha boksi chenye urefu wa masikio ya saa anayoitaka, akifunge mkononi kwa rababendi, ashinde nacho saa moja akifanya kazi zake.

Ndiyo maana namba ya kipenyo inapotosha. Seiko SKX007 ina milimita 42.5, ukiisikia unaogopa, lakini ncha hadi ncha ni kama 46 tu, hivyo inakaa vizuri hata kwenye mkono wa wastani. Kuna saa za 40 zenye masikio marefu yaliyonyooka zinazofika 50 na zinavaliwa kama sahani. Macho nayo yanadanganywa kirahisi. Uso mweupe wenye ringi nyembamba huonekana mkubwa kuliko uso mweusi wa kipimo hicho hicho, na ya mraba ya 36 hujaza mkono kuliko ya duara ya 38, kwa sababu pembe zake nazo zinahesabika. Kwenye saa ambazo cheni imeungana na bodi, kipande cha kwanza kisichokunja kihesabu kama sehemu ya masikio.

Kwenye saa kubwa za bei nafuu zinazopangwa mezani sokoni, Mwanjelwa au kwingine, angalia kidirisha cha tarehe. Kikiwa kimesogea katikati ya uso, mbali na ukingo, ujue ndani kuna mashine ndogo kwenye bodi kubwa. Miyota 2035, mashine ya betri inayotumika sana kwenye saa za kawaida, haifiki milimita 20 kwa upana. Ikiwekwa kwenye bodi ya 46, nafasi inayobaki inajazwa na pete ya plastiki. Mashine zenye tarehe za ukubwa huo zinajaziwa vivyo hivyo, na kidirisha hakiwezi kwenda mbali kuliko gurudumu la tarehe lilipo. Vile viduara vidogo vya sekunde na dakika navyo vinabanana katikati. Majira itaonyesha sawasawa, hilo lisikutie hofu. Shida ni pete hiyo ikilegea: mashine inacheza, shina la kitufe linakaa upande, na siku ya kurekebisha majira kitufe kinagoma au kinachomoka. Kwa bei hiyohiyo Casio F-91W, gramu 21 na unene wa milimita 8.5, inaingia chini ya sweta lolote.

Uzito nao una hesabu zake, hasa kwa wanaosafiri. Ukiteremka kutoka Uyole kupitia Tukuyu hadi Kyela, unaacha baridi na kuingia kwenye joto la ziwani, na mkono unavimba kidogo. Saa kubwa ya chuma lazima ikazwe ili isizunguke, na ikikazwa Mbeya, Kyela inachora alama. Nyepesi inaweza kuachwa na ulegevu. Fundi akikupunguzia cheni, asitoe vipande vyote upande mmoja, loki itapanda pembeni. Atoe pande zote mbili, asukume pini kufuata mshale uliochorwa ndani ya kipande, na abakize nafasi ya kupitisha kidole kidogo. Vitundu vya loki ndivyo vya kurekebishia safarini, kwa hiyo mwambie aiache pini katikati yake, usogeze kushoto au kulia mwenyewe.

Kwa sasa chaguo langu ni 37 au 38, masikio 46, unene usiozidi 10. Jambo la mwisho kabla ya kulipa ni upana wa mkanda. Kati ya masikio, 18, 20 na 22 mikanda yake ipo kila mahali. 19 ni mtihani: mkanda wa 20 unajikunja kingo ukilazimishwa, na wa 18 unaacha pini wazi, mkanda unatembea huku na huku. Ukishindwa kupata wa 19, chukua wa ngozi laini wa 20, umwambie fundi aukwangue nusu milimita kila upande pale penye pini tu.