Mi iliyo juu: nilivyochagua kinanda cha nyumbani

Nyumba yetu iko ghorofa ya tatu huku Kibokoni, tumetenganishwa na jirani kwa ukuta mmoja, na kinanda kikipigwa humu hupigwa baada ya isha, kwa hedifoni au kwa sauti ya chini. Nilikuwa nikitafuta kinanda cha bei ya kati, cha aina ile inayompa mpigaji ngoma, besi na vyombo vya kusindikiza pindi anapobonyeza kodi kwa mkono wa kushoto (kodi za muziki, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, si zile za serikali), nikabakiwa na vitatu: Casio CT-X5000, Yamaha PSR-SX600 na Korg Pa700. Vyote vina funguo 61, na sauti zilizomo ndani ya kila kimoja ni nyingi kuliko atakazozipiga mtu wa nyumbani maisha yake yote. Kwa hiyo majigambo ya sauti 800 za Casio hayakunishughulisha.

Kilichonishughulisha ni mi, ile noti ya tatu ya do-re-mi. Ami yangu hupiga udi, ala ya nyuzi ya Kiarabu, na kwa kuwa shingo ya udi haina vigawanyo, kidole chake hutua popote anapotaka baina ya sauti mbili. Jioni ya kwanza nilipomsindikiza katika rast, mojawapo ya skeli za muziki wa Kiarabu, kwa kinanda cha kuazima, alisimamisha mkono.

"Mwanangu, hiyo mi yako iko juu. Ishushe."

"Haishuki, ami. Ndivyo ilivyotengenezwa."

Hakunijibu. Alianza upya, na kila tulipofika pale pale tulikwaruzana. Rast inayoanzia do huhitaji mi na ti zilizoshushwa robo toni, yaani senti 50 (kipimo cha muziki, si pesa), na kinanda kisichoweza kuzishusha hakitufai hata kikiwa na spika za dhahabu.

Hapo vyote vitatu vinajitetea. Casio ndiyo inayomrahisishia kazi anayeanza, kwani rast, bayati, hijaz na saba zimo tayari kwa majina yao, ilhali Yamaha ina skeli mbili tu za Kiarabu, ila humruhusu mpigaji kuirekebisha kila sauti kwa senti apendavyo. Korg nayo haina shida na robo toni. Jambo ambalo wauzaji hawakuniambia, nikaligundua mwenyewe, ni kwamba mi ikishashuka, mkono wa kushoto haupaswi tena kubonyeza kodi kamili ya do: nilipobonyeza do na so peke yake, nikaiacha ile ya katikati, usindikizaji ulitulia na udi ukapata nafasi yake.

Mtihani wa pili ulikuwa chakacha, ngoma yetu ya pwani. Midundo ya sita kwa nane inayokuja na vinanda hivi imetungwa zaidi kwa nyimbo za polepole za kizungu, ngoma inaanguka mahali ambapo kiuno cha Mombasa hakiitarajii, na hakuna kitufe kinachoweza kuliponya hilo. Inabidi mdundo uundwe upya. Kwenye SX600 nilirekodi mdundo wa hatua mbili za muziki (bar) zinazojirudia, nikiongeza chombo kimoja kila mzunguko, huku kila pigo nikiligawa mara tatu, na kazi iliyonichukua jioni mbili ilianza kufanana na kitu. Usiku wa pili, kabla sijaihifadhi, stima ikapotea, na chakacha yangu ikapotea nayo. Hakuna hata kimoja kati ya hivi vitatu kinachotumia betri, kwa hiyo siku hizi huhifadhi kila baada ya dakika chache, kama mtu anayehesabu tasbihi.

Kuhusu nguvu za spika sina mengi ya kusema: wati 15 kila upande kwenye Casio na Yamaha zinamtosha mtu anayeishi ukuta kwa ukuta na jirani. Tofauti iliyo na uzito ni idadi ya sauti zinazoweza kulia kwa wakati mmoja, ambazo ni 64 kwenye CT-X5000 na 128 kwenye vingine viwili. Ukiunganisha piano na nyuzi, ukakanyaga pedali, na usindikizaji wote ukiwa unaendelea, zile 64 hukaribia kwisha, na ukisikiliza vyema kwa hedifoni utasikia sauti ya zamani ikikatwa ili mpya ipate nafasi.

Pa700 ndiyo iliyonivutia zaidi, kwa skrini yake ya kugusa ya inchi 7 na tundu la maikrofoni, na laiti ningekuwa napiga harusini ningejikaza. Lakini bei yake ilikuwa inauma, na mimi si mwimbaji, hivyo nikachukua SX600. Nimeifunika kwa leso kuukuu ya mama, maana hewa ya chumvi inayopanda kutoka baharini haibagui kifaa.

Ami alikuja tena juzi. Rast ilipita hadi mwisho bila mkono kusimama. Kilichomkera safari hii ni besi, ambayo alisema inamkanyagia udi wake, nami nikaipunguza.