Gauni la kufunga, mara ya pili
Jana jioni, hapa Bukavu, nilimaliza gauni la kufunga kiunoni, ambalo pande zake mbili za mbele hupishana kifuani, mtindo ambao mbunifu wa mavazi Diane von Furstenberg aliufanya maarufu mwaka 1974, nami nimelishona kwa pateni ya karatasi (kielelezo cha kukatia) na kitambaa laini cha kufumwa kiitwacho jezi, nilichonunua katika soko la Kadutu. Nimezoea kitenge, ambacho hutulia chini ya mkasi. Jezi hunyumbuka, hujikunja ukingoni, na ukiivuta inapopita kwenye cherehani hutoka na mawimbi. Gauni la kwanza liliharibika kwa sababu nilitumia sindano ya kawaida, ikatoboa nyuzi na kuruka mishono. Safari hii nilitia sindano yenye ncha ya mviringo, inayopenya kati ya nyuzi bila kuzikata, nikashona kwa zigizaga nyembamba.

Kazi kubwa ilikuwa shingo: ukingo wake hukatwa mshazari, hivyo hulegea na kuacha kifua wazi, nami niliushikiza kwa utepe mwembamba usionyumbuka kuanzia begani hadi kiunoni. Kisha nililitundika usiku kucha kabla ya kukunja pindo, ili kitambaa kishuke kwanza kwa uzito wake. Mama amelivaa leo kwenda kanisani, na shingo haikufunguka.