Chanzo cha Sonona kwa Vijana Wetu

Kila ninaposoma tafiti kuhusu sonona kwa vijana, nakerwa na haraka ya kutafuta chanzo kimoja. Mwaka 2003, watafiti waliokuwa wakifuatilia watu waliozaliwa Dunedin, New Zealand, walitangaza kwamba aina fulani ya jeni ya serotonini, kemikali ya ubongo inayohusiana na hisia, humfanya mtu azidiwe upesi na masaibu. Ugunduzi huo ulisifiwa mno, lakini uchambuzi mkubwa wa mwaka 2019 haukuona kwamba jeni hiyo ina uzito wowote wa pekee. Urithi upo, maana tafiti za mapacha huukadiria kuwa takriban asilimia 37. Ila umetawanyika katika jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo sana.

Yanayobaki ndiyo ninayoyaona hapa Kampala. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, asilimia 16.2 ya wanafunzi wapya wa Chuo Kikuu cha Makerere walikuwa na dalili za sonona, ilhali kwa wanafunzi wapya wa Kitivo cha Tiba ilikuwa asilimia 4 tu. Waliohojiwa walikuwa wachache, na makundi hayo hayalingani sawasawa, lakini sishangai. Namfahamu kijana aliyetoka Arua, ambaye ukoo mzima ulichangia ada yake na mama yake akauza ng'ombe. Alipofeli somo moja akaacha kupokea simu za nyumbani, akawa analala mchana kutwa, na mjomba wake akasema ni uvivu. Hakuna aliyemuuliza amepatwa na nini.

Swali hilo ndilo lililokuwa kiini cha jaribio lililofanywa katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, kusini mwa Uganda, ambako watu wazima wenye sonona walikutana kwa vikundi kila wiki, bila dawa, wakazungumzia misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha, nao wakapata nafuu kubwa kuliko wasiohudhuria. Najua kwamba tiba kufaulu hakuthibitishi chanzo. Hata hivyo, Profesa Etheldreda Nakimuli-Mpungu wa Makerere alipowatibu kwa vikundi watu wanaoishi na VVU kaskazini mwa Uganda, aliongeza mafunzo ya kujipatia kipato, na miezi sita baada ya tiba waliobaki na sonona hawakufika asilimia 1, dhidi ya asilimia 28 katika kundi la kulinganisha. Kwa hiyo naomba watafiti wetu wanaowapima vijana damu na usingizi wawaulize pia kuhusu ada, deni na nani anawategemea.