Mtoto wa Robota

Alikuja kabla ya wenzake, daftari kalibana kwapani, akasimama mbele ya meza yangu kimya. Nilipomuuliza kulikoni, akalifungua na kuniwekea chini ya pua. Ilikuwa insha ya shuleni, juu ya mwanzo wa vitabu vya kuchapwa. Mistari ya mwanzo ilikuwa na vema. Uliofuata ulipigiwa mstari mwekundu, na pembeni mwalimu wake alikuwa ameandika: "Huyu ni nani? Umemtoa wapi?" Kalamu ilikandamizwa mpaka alama ya kuuliza ikatoboa karatasi.

"Mwalimu," akasema, "wewe ulituambia yupo."

Nilikuwa nikifundisha Shule ya Jumapili, watoto wa miaka kumi hadi kumi na miwili, na nilikuwa nimechoka kuwaona wakipiga miayo. Historia niliyopewa niwafundishe ilikuwa kama daftari la marehemu: mwaka, mfalme, mtaguso, mwaka tena. Nikaamua kuigeuza hadithi. Nikatunga kijana yatima anayebeba mizigo bandarini Antwerp, na ndani ya marobota ya nguo yanayokwenda London anaficha Agano Jipya la Kiingereza lililotafsiriwa na William Tyndale. Jina sikumpa. Watoto wenyewe wakamwita Mtoto wa Robota. Kila Jumapili nilimwacha pabaya: kajibanza chini ya sitaha, watu wa forodha wanayatoboa marobota kwa vyuma, kimoja kimepita karibu na sikio lake... tutaendelea wiki ijayo. Wiki ijayo hakuchelewa mtu.

Mengi niliyosimulia yalikuwa kweli, na hapo ndipo nilipojifariji kwamba sidanganyi. Tyndale alianza kuchapa Cologne, Ujerumani, mwaka 1525, kazi ikagundulika, akakimbia na karatasi zake kuupanda mto Rhine mpaka Worms, na mwaka 1526 kitabu kikatoka: kidogo, cha kushikika kwa mkono mmoja. Nakala zilivushwa bahari zikiwa zimefichwa katikati ya bidhaa, kwa sababu Uingereza ilikuwa mwiko kutafsiri Biblia bila ruhusa ya askofu. Askofu wa London, Cuthbert Tunstall, alizichoma. Edward Hall, aliyeandika habari za enzi hizo, anasimulia kwamba askofu alizinunua kwa wingi kupitia mfanyabiashara aitwaye Packington, na fedha zikaishia mikononi mwa Tyndale, akalipia toleo jipya lililosahihishwa. Askofu kagharimia uchapaji! Watoto walicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kwenye benchi. Kisa kitamu namna ile nisingeweza kukitunga, wala hakikuhitaji yatima wangu.

Lakini ile insha ilisema Mtoto wa Robota ndiye aliyeingiza Agano Jipya Uingereza, tena alijitosa mto Thames na robota mgongoni. Niliikumbuka Jumapili ile. Binti huyuhuyu aliniuliza, "Haya ni kweli?" nami nikamjibu, "Sasa unadhani yalijibeba yenyewe?" Darasa likacheka, nikaendelea.

Wenzake walipofika, nikawaeleza. Tyndale alikuwapo, Tunstall alikuwapo, marobota yalikuwapo, na waliobeba walikuwapo, ila huyu wetu nimemtunga mimi. Kimya. Kisha mvulana wa nyuma akanyoosha mkono na kuuliza kama na Yesu nimemtunga mimi.

Swali la daftari lilinipa aibu. Hili lilinitia hofu. Nikamjibu kwamba hapana, na kwamba ana haki ya kuuliza. Sauti yangu haikuwa imara.

Nikaona bora nitoe na nililoficha. Thomas More nilikuwa nimemwacha nje kwa makusudi, maana angeniharibia hadithi: msomi, mcheshi, aliyeandika kumpinga Tyndale kwa maneno makali, na alipokuwa Kansela, waziri mkubwa wa mfalme wa Uingereza, watu walichomwa moto kwa uzushi. Mwaka 1535 naye akakatwa kichwa, kwa kuwa hakukubali kumkiri mfalme Henry wa Nane kuwa mkuu wa kanisa. "Sasa huyu ni mbaya au mzuri?" wakauliza. Wakabishana weee, wala sikuwaamulia.

Mwisho nikawaeleza barua. Mwaka huohuo wa 1535 Tyndale alisalitiwa Antwerp na Mwingereza mwenzake aliyejifanya rafiki, akafungwa katika ngome ya Vilvoorde. Humo aliandika kwa Kilatini, baridi ikikaribia. Anaomba kofia yenye joto, maana kichwa kinamsumbua na mafua hayamwachi. Anaomba koti, kwani alilonalo ni jepesi mno, na kipande cha kitambaa atilie viraka vazi la miguuni. Anaomba taa ya jioni, kwa kuwa inachosha kukaa peke yako gizani. Na kuliko vyote, anaomba Biblia ya Kiebrania, pamoja na sarufi na kamusi ya lugha hiyo. Mwaka uliofuata walimnyonga, kisha wakauchoma mwili wake.

Hakukuwa na sitaha wala vyuma vya forodha. Kofia, viraka, taa. Hakuna aliyepiga mwayo.

Mwenye daftari hakuwa amefungua kinywa tangu wenzake waingie. "Alipewa taa?" akauliza.

Wiki moja nyuma ningempa taa palepale, na askari jela mwenye huruma wa kuileta. "Hakuna ajuaye," nikasema. "Jibu la barua ile halijaonekana."

Akaligeuza daftari lake, akakaa akiitazama ile karatasi iliyotoboka.

"Basi Mtoto wa Robota ampelekee," akasema. "Najua hayupo, mwalimu. Wewe simulia tu, taa ifike."