Lori la Arocs kwenye meza ya chakula

Katika lori la kuchezea nililomaliza kulijenga juzi, injini haizungushi magurudumu. Magurudumu ndiyo yanayozungusha injini. Ukilisukuma sakafuni, mwendo unaanzia kwenye tairi za nyuma, unapita kwenye difu, kile kijiboksi cha gia kati ya magurudumu, unaingia kwenye shafti na kufika mbele chini ya kabini, ambako pistoni sita zilizopangwa mstari mmoja zinapanda na kushuka kwa zamu. Mota ya umeme iliyomo ina kazi nyingine kabisa: kuzalisha upepo na kuendesha vifaa vya mgongoni. Dereva mmoja wa kazini kwetu alipolisikia hilo alicheka mpaka akakohoa. Akasema ndilo lori pekee analolijua ambalo halitamwomba bosi hela ya mafuta.

Ni Mercedes-Benz Arocs 3245 ya Lego Technic, vile vipande vya plastiki vya kuunganisha, seti iliyotoka mwaka 2015, vipande 2,793. Namba hiyo ya 3245 haikuwekwa kwa urembo. Kwa desturi ya Mercedes, tarakimu mbili za mwanzo ni uzito kwa tani, na mbili za mwisho ukizizidisha kwa kumi unapata nguvu ya farasi: tani 32, farasi 450. Lina ekseli nne, mbili za mbele zinazokata kona na mbili za nyuma zinazobeba bodi, na nyuma ya kabini kuna kreni ya kujipakilia mzigo. Binamu yangu anayeishi Ujerumani ndiye aliyenitafutia, tena mtumba. Mtu alikuwa anahama nyumba, akamuuzia lori zima likiwa limebomolewa na kumwagwa ndani ya mfuko mmoja, pamoja na kitabu cha maelekezo kisicho na neno hata moja. Picha tupu, kurasa mia kadhaa.

Mfuko mmoja, vipande elfu mbili na mia saba na ushei. Hapo ndipo nilipomwelewa mama watoto alipouliza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kupata jibu lake, kama tutakuwa tunakula sakafuni. Nilichukua trei za mayai kwa muuza chipsi wa hapa mtaani, Mabatini, nikaanza kuchambua. Trei ya mayai ina mashimo 30, na kila shimo linameza pini za kuunganishia za kutosha. Kazi hii nimeipenda kuliko nilivyotarajia. Pini nyeusi ina vijongo vidogo ubavuni, ukiichomeka inabana na kukaa. Ya kijivu ni laini, inazunguka kwa uhuru tunduni. Ukiweka nyeusi mahali pa kijivu, kiungo kinachotakiwa kucheza kitakuwa kizito kama mlango uliovimba kwa mvua. Basi vidole vinajifunza. Baada ya muda nilikuwa natia mkono kwenye rundo bila kutazama na kujua nimeshika ipi, jambo lililonifaa sana umeme ulipokatika.

Labda niseme kwa nini mtu mzima, mwenye watoto na mkopo, anafanya haya. Mimi kazi yangu ni makaratasi ya malori. Ofisi yetu inapeleka mizigo Geita, Bukoba, Kahama na hadi Dar, nami ndiye ninayeandika hati, tani ngapi, ekseli ngapi, mizani imesomaje. Ukiniuliza ekseli ya pili ya lori fulani ilibeba kilo ngapi wiki iliyopita, nitakutolea faili. Lakini tangu niajiriwe sikuwahi kuinama chini ya lori hata moja. Mafundi wakija kudai spea wanasema krosi imekufa, hausingi ya difu inavuja, buster ya breki imechoka, mimi naandika na kutia sahihi.

Difu ndiyo iliyonikalisha. Ni kijiboksi kidogo kinachoenea kiganjani, na ndani yake kuna gia tatu za pembe zinazotazamana. Kabla ya kuifunga kwenye chesi, yaani fremu ya lori, niliishika mkononi muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Ukiizungusha kwa shafti, magurudumu yote mawili yanakwenda sawa. Shika gurudumu moja kwa kidole, hilo la pili linaanza kukimbia mara mbili ya mwendo wake wa kwanza. Halafu shika shafti isisogee, zungusha gurudumu la kulia mbele: la kushoto linarudi nyuma. Hakuna hila humo, ni meno tu yanasukumana. Lori likikata kona, gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani, na hicho kijiboksi ndicho kinacholipa kila gurudumu haki yake. Bila hicho, tairi zingekuwa zinaburuzwa lami kila kona.

Na hapo hapo nikaona kwa nini masika magari yetu yanakwama kijinga. Umewahi kuona lori limezama upande mmoja kwenye tope, gurudumu moja linazunguka kama feni na mwenzake aliye kwenye ardhi kavu amesimama kimya? Ni kidole changu kile kile, kinyume chake. Mzunguko unakimbilia upande usio na upinzani. Ndiyo maana madereva wana swichi ya kufunga difu, wanaifunga ili magurudumu yote yalazimike kwenda pamoja, wakitoka topeni wanaifungua. Neno hilo, "funga difu", nimelisikia kwenye simu za madereva miaka yote nikidhani ni namna fulani ya gia.

Kreni nayo inapanda kwa upepo. Mota inazungusha pampu ndogo, pampu inasukuma upepo kwenye mabomba membamba, na vali ukizigeuza kwa kidole unachagua mkono upi uinuke. Hauinuki taratibu kama kwenye video. Unatulia, unatulia, halafu ghafla unaruka, maana upepo lazima ujikusanye kwanza ndipo uushinde uzito. Yadini kwetu kila alfajiri malori yananguruma yakiwa yamesimama, na kuna mkubwa mmoja ofisini anayelalamika kila siku kwamba tunachomewa dizeli bure. Si bure. Breki za semitrela hushikwa na springi nzito, na upepo ndio unaozifungua. Mpaka geji ipande, gari haliendi popote hata ukanyage mafuta vipi. Ubunifu huu naupenda sana: upepo ukipotea njiani, gari halikosi breki, linasimama.

Betri ziligeuka kuwa mjadala wa nyumba nzima. Kiboksi chake kinataka sita ndogo, zile za saa ya ukutani, jumla volti 9. Za bei rahisi za dukani zinawaka vizuri mota ikiwa haina kazi, lakini kreni ikianza kuinua mzigo zinasinzia. Ukitaka nguvu nunua alkalaini, na ukizinunua kila wiki utajua kwa nini watoto wa matajiri tu ndio wana vitu hivi. Zaidi ya hapo ni gia. Gia ya meno 8 ikisukuma ya meno 24, mwendo unagawanyika kwa tatu, nguvu ya kusokota inapanda karibu mara tatu, ukiondoa inayopotea kwenye msuguano. Mota ile ukiizuia kwa vidole viwili inasimama. Ikipita kwenye gia kadhaa, mkono huo huo wa plastiki unanyanyua kopo la maziwa ya unga. Nusu kopo, tuseme ukweli.

Kampuni ya Lego ilianzishwa na fundi seremala, Ole Kirk Kristiansen, mjini Billund, Denmaki, mwaka 1932, ikianza na vitu vya kuchezea vya mbao. Tofali lao la plastiki la namna tunayoijua liliombewa hataza mwaka 1958, na la mwaka ule bado linashikana na la leo. Technic yenye gia na ekseli ilianza 1977. Sisi tuliokulia Magu tulikuwa na zetu za waya, tairi za kandambili, stelingi ya fimbo ndefu unaliendesha ukiwa umesimama. Sitaki kuzilinganisha. Ila stelingi ya waya ilikata kona vizuri kuliko ya hili lori langu la Kijerumani, ambalo likitaka kugeuka sebuleni linadai sebule nzima.

Binti yangu wa darasa la tatu ameweka ubao kati ya stuli mbili na kuuita Daraja la Magufuli. Tangu daraja la kweli lifunguliwe Kigongo–Busisi mwezi Juni 2025, kilomita 3 juu ya ziwa, hati zangu za Geita zimekuwa fupi: safu ya "kusubiri kivuko" imebaki tupu. Yeye kivuko amekataa kukisahau. Ametengeneza kimoja kwa beseni, na lori lazima lipange foleni kabla ya kuruhusiwa kupita juu ya ubao. Nilipomwambia foleni imekwisha siku hizi, akanijibu, "Baba, bila foleni utingo atauza wapi mahindi?" Utingo hauzi mahindi, lakini nimemwachia.

Jumapili yule dereva mcheshi alipita nyumbani. Ni mtu mzima, amepanda na kushuka mlima Sekenke tangu enzi za vumbi. Nilimpa shikamoo, nikamkaribisha, naye hakukaa. Aliinama mezani mikono nyuma, kama anakagua gari kabla ya safari. Akaangalia springi, akaminya kabini, akageuza ekseli za mbele na kutikisa kichwa kwa kuridhika alipoona ya pili inakata kidogo kuliko ya kwanza. "Hawa jamaa wamekaa chini ya gari," akasema. Kisha akafuata mabomba ya upepo kwa kidole, kutoka kwenye pampu mpaka kwenye vali, akarudi, akafuata tena.

"Mhasibu, tenki la upepo liko wapi?"

Nikamwambia halina. Pampu inapeleka moja kwa moja.

"Halina? Sasa injini ikizimika hapo Sekenke, utashuka na nini?"

Nikamkumbusha kwamba injini yenyewe haizungushi kitu. Hakusikiliza. Anasema kuna kichupa cha dawa cha plastiki kwake, mfuniko wake unakaza sawasawa, tutoboe matundu mawili, tuunganishe kwa bomba la kwenye drip. Kesho akitoka Kahama atakileta.