Gari ya rimoti kwenye mchanga na mawe ya Malindi: anza na usukani

Kuna kitu nakiona sana hapa Malindi na nimechoka kunyamaza. Kijana akipata gari ya rimoti ya ofrodi, pesa yake ya kwanza inaenda kwa mota, anataka ikimbie, anatia betri ya LiPo ya seli 3 kwenye gari iliyotengenezewa seli 2, inatoka moto kweli alafu mita ishirini mbele imeshaingia kwenye mizizi ya mivinje na mkono wa mbele unaoshikilia tairi umekatika. Alafu anasema gari ni mbovu. Gari haina ubovu wowote, ni vile haishikiki, unaiambia kulia inafikiria kwanza, unaiambia inyooke inayumba. Mimi nasema usukani kwanza, uimara pili, spidi baadae kabisa kama pesa itabaki.

Na ardhi yetu si ya mchezo kwa hizi gari. Mambrui kule kwenye matuta mchanga ni laini unameza tairi, ufukweni maji yakikupwa unapata uwanja mgumu mzuri wa kukimbiza lakini chumvi iko kila mahali, ukipanda huku ndani kuelekea Marafa ni murram na vumbi, na mitaani kwetu kila kiwanja kina vipande vya mawe ya matumbawe vilivyochongoka manake ndio tunayojengea. Gari ikiishi hapa mwaka mzima bila kukatika inaweza kuishi popote.

Sasa kabla hujaagiza kitu chochote, fanya hivi. Washa rimoti, alafu washa gari, usiguse usukani wa rimoti ili sevo, ile mota ndogo inayogeuza matairi, ishikilie katikati. Inua pua ya gari, shika tairi moja la mbele kwa vidole viwili, lisukume ndani na nje polepole. Macho yasiwe kwenye tairi, yafuate njia yote kurudi nyuma: boli-jointi, yani kiungo cha boli ndani ya kikombe, ya kwenye kile kipande kinachobeba tairi, tairodi, yani kile kijiti kinachosukuma tairi, boli-jointi ya pili, ile belkranki ya katikati inayogeuza nguvu ya sevo kuipeleka pande zote mbili, alafu springi ya kukinga sevo, mwisho kile kimkono kilichofungwa juu ya sevo yenyewe. Panapocheza utapaona kwa macho yako, huhitaji kipimo.

Juzi kuna kijana wa Muyeye aliniletea yake, trak ya skeli ya 1/10, yani ndogo mara kumi kuliko gari halisi, akaniambia, "Ami, hii sevo imekufa, nitafutie nyingine." Nikamwambia ngoja kwanza mwanangu, shika hapa. Sevo ilikua nzima, imeshikilia vizuri kabisa, lakini tairi lilikua linaenda huku na huku bila sevo kujua habari. Tukaifungua tairodi. Kile kikombe cha plastiki kinachoikumbatia boli kilikua kimekua na umbo la yai, na ukikiinua kwenye jua ndani yake unaona chembe za mchanga zimezama kwenye plastiki zinameta, na boli yenyewe ya chuma imetafunwa upande mmoja hadi imekua bapa. Hivo ndivyo mchanga unavyofanya, haupiti tu, unakaa kwenye plastiki alafu unakua msasa, kila ukikata kona unasaga chuma.

Na usiudharau mchezo mdogo kwenye jointi. Kutoka pini ya kugeuzia tairi mpaka pale tairodi inaposhika ni kama milimita 15, kutoka pini hiyo hiyo mpaka ukingo wa mbele wa tairi ni kama 50, kwa hivo milimita 1 ikicheza kwenye tairodi inakua zaidi ya 3 kwenye tairi. Jumlisha jointi zote za njia nzima ndio unapata ile gari inayotembea ufukweni kama mlevi. Vikombe vya plastiki na boli ni vitu vya bei ndogo kuliko vyote kwenye hii kazi, badilisha vyote kwa pamoja, usibadilishe kimoja. Belkranki nyingi zinakuja na bushi za plastiki au shaba tu, toa utie beringi ndogo za saizi hiyo hiyo, na kama bado inapanda na kushuka weka washa nyembamba mpaka ikae bila kukaza. Hapo peke yake watu wengi wanaona gari mpya.

Ile springi ya kukinga sevo nayo inahitaji maelezo. Kazi yake ni kwamba tairi likigonga jiwe, springi inalegea kwanza ili meno ya sevo yasikatike, ni kitu cha maana sana. Shida gari nyingi zinatoka kiwandani na springi laini mno, kwa hivo kwenye mchanga mzito sevo inageuka, springi inajikunja, tairi limebaki pale pale. Dawa yake ni springi ngumu zaidi, kuna kampuni kama Kimbrough wametengeneza hizo springi za kukinga, sevo-seva kwa jina lake, kwa miaka mingi. Wapo wanaofunga kwa zip-tai ili isilegee kabisa, mimi sishauri hiyo kama sevo yako ina meno ya plastiki, jiwe moja la matumbawe na umemaliza. Meno ya chuma ndani ya sevo kwanza, alafu ndio ukaze springi, mpangilio ni huo.

Tuje kwa sevo. Kwanza hesabu nyaya. Gari nyingi za bei ya chini zina sevo ya nyaya 5, na hiyo haina ubongo wake, ubongo uko kwenye ile bodi ya risiva inayopokea habari za rimoti, nyaya zinabeba umeme wa mota ndogo na habari za potenshomita tu, kile kinachopima sevo imegeuka kiasi gani. Huwezi kuchomoa ukachomeka ya nyaya 3, haitafanya kazi, itabidi ubadilishe risiva na ESC, kile kidude kinachoendesha spidi ya mota, na rimoti pia, sasa hapo piga hesabu kama gari yenyewe inastahili. Ikiwa ni ya nyaya 3 basi uko sawa, dunia nzima ni yako.

Nguvu ya sevo inapimwa kwa kilo kwa sentimita, yani sevo ya kilo 20 ikiwa na mkono wa sentimita 1 inaweza kushikilia kilo 20 pale mwisho. Sevo ya Traxxas 2075, ya kampuni ya magari ya rimoti, ambayo iko kwenye gari nyingi inatoa karibu kilo 9 kwenye volti 6, na kwa barabara inatosha vizuri tu. Kwa mchanga wa Mambrui na matairi mapana nataka 20 kwenda juu, meno ya chuma. Lakini usisahau spidi yake, inaandikwa kwa sekunde kwa digrii 60, sevo yenye nguvu nyingi lakini inachukua sekunde 0.25 kugeuka ni nzuri kwa gari ya kupanda mawe polepole, kwa gari ya kukimbiza utakua umeshapita kona. Tafuta 0.16 au chini ya hapo.

Alafu kitu kinachowakamata wengi: umeme. Sevo kubwa ikikwama inavuta zaidi ya ampia 2, na ESC ndogo nyingi hazina uwezo huo kwenye ule waya wa risiva, volti inashuka, risiva inazima sekunde kidogo inawaka tena, gari inapoteza mawasiliano katikati ya mbio na wewe unadhani rimoti imeharibika. Weka BEC ya nje ya ampia 5 au zaidi, ni kidude kidogo kinachukua umeme kutoka betri kinaushusha kuwa volti 6 kwa ajili ya sevo peke yake. Ukinunua sevo iliyoandikwa 8.4V hiyo unaweza kuipa umeme wa LiPo ya seli 2 moja kwa moja, manake seli 2 zikijaa ni 8.4, lakini ile ambayo mwisho wake ni volti 6.8 usijaribu, itaungua. Ukishafunga rekebisha mwisho wa usukani kwenye rimoti, geuza mpaka mwisho usikilize, sevo ikinung'unika punguza mpaka inyamaze, manake inasukuma kitu ambacho hakiendi tena na inajipika bure.

Sasa uimara, na hapa najua wengi hawatakubaliana na mimi. Zile seti za alumini za rangi ya bluu na nyekundu, mikono minne, zinapendeza sana kwenye picha. Msitie kwenye mikono. Mkono wa nailoni ukigonga jiwe unajikunja unarudi, wa alumini unapinda na haurudi, na mbaya zaidi nguvu ya pigo haipotei, inaenda kwa kitu kinachofuata, pini inapinda, au shimo la kwenye chesisi linapasuka, na chesisi ndio kitu cha bei. Mikono ya nailoni ya kampuni ya RPM imekaa sokoni miaka kwa sababu hiyo hiyo, inanyumbuka. Acha mkono ndio uwe wa kuvunjika, ni pini moja unatoa unatia mwingine, dakika chache hapo hapo chini ya mti.

Chuma kina mahali pake. Belkranki ya alumini nakubali, iko katikati haigongwi na jiwe moja kwa moja na inatakiwa isinyumbuke. Kile kimkono cha sevo pia, weka cha alumini kinachobana kwa skrubu, cha plastiki kinalika meno. Ekseli za chuma badala ya plastiki ndio ukishaongeza nguvu. Skrubu ya chuma ikiingia kwenye chuma tia gundi ya bluu ya kuzuia skrubu isilegee, tone moja, lakini isiguse plastiki, kuna plastiki zinapasuka nyufa ikizigusa. Na skrubu ya stenlesi kwenye alumini huku kwetu ipake grisi kidogo, chumvi ikiingia kati alumini inatoa unga mweupe na skrubu haitoki tena mpaka uitoboe.

Chumvi ndio adui wa kila siku. Beringi za kifuniko cha chuma zinaota kutu haraka sana hapa, tafuta za mpira pande zote mbili, zile 2RS. Traxxas nyingi za 1/10 zinatumia 5x11x4 kwenye magurudumu, agiza nyingi kwa pamoja. Ukitoka ufukweni suuza kwa maji ya mfereji, si ya kisima, visima vingi huku vina chumvi utakua hujafanya kitu. Alafu peleka kwa fundi wa pancha akupulizie kwa kompresa, umwambie asielekeze upepo kwenye beringi moja kwa moja, unasukuma mchanga ndani. Hata kama boksi limeandikwa haiingii maji, hiyo ni maji ya dimbwi, usiipeleke kwenye wimbi. Na kwenye boli-jointi usipake grisi kabisa, grisi inaokota mchanga, kavu ni bora.

Bodi ya nje ya gari ikipasuka usiitupe, muombe fundi wa jipsam kipande cha ile tepu ya wavu, laza ndani ya bodi, paka gundi ya viatu inayobaki laini ikikauka. Inakaa kuliko mpya.

Mwisho kurekebisha matairi ya mbele. Tairodi zako zikiwa za kuzungusha ili zirefuke au zifupike, anza matairi yote yakiangalia mbele sawasawa. Ufukweni kwenye mchanga mgumu, zikielekea ndani kidogo, digrii 1 hivi, inakua imetulia ukiikimbiza moja kwa moja. Kwenye kiwanja chenye kona nyingi zifungue nje kidogo, itaitika haraka lakini itakua na wasiwasi kwenye spidi. Badilisha kitu kimoja, endesha, alafu kingine.

Mimi huwa nangoja bamvua, maji yakikupwa sana ufuo unakua mpana na mgumu na watu wako mbali. Msimu wa kusi upepo unarusha mchanga mpaka ndani ya mota, bora uende murram. Na ukiona mahali kasa ametaga, pamewekewa vijiti, hama kabisa na gari yako.

Kabla hujalipia kile kimkono cha sevo hesabu meno ya pale kinapoingia juu ya sevo. Sevo za Traxxas na Futaba ni 25, Hitec nyingi ni 24, Sanwa ya zamani ni 23, na kwa macho zote zinafanana. Ya 24 haiingii kwenye 25, ukilazimisha unaharibu zote mbili, na kungoja nyingine ipande basi kutoka Nairobi ni wikendi nzima imeenda.