Siku moja na mzani wangu, uwanja wa ndege Dodoma

Saa 11 na nusu alfajiri nipo kwenye boda natoka Kisasa, baridi ya mwezi wa saba hapa Dodoma mnaijua wenyewe. Kazi yangu ni kupakia na kupiga hesabu za ndege ndogo za kukodi, hizi Caravan za injini moja.

Saa 12 na nusu, kupima abiria. Hapa ndo kwenye vita. Mabegi wanakubali, ila ukisema mama naomba na wewe upande kwenye mzani anakuangalia kama umemtukana, na leo mzee mmoja wa suti kaniambia andika sabini tu kijana, wakati kwa macho ile ni mia na kitu. Shikamoo mzee, panda tu, namba naiona mimi. Sio uchokozi jamani. Januari 2003 kule Charlotte, Marekani, Beechcraft 1900D ilianguka ikiwa ndo kwanza inaruka, wakafa wote 21. Uzito wa abiria ulikuwa wa wastani wa kwenye makaratasi, kumbe ndege imezidi na imelemea mkiani, halafu mafundi walikuwa wamefunga vibaya nyaya za elevata, vile vibao vya mkiani vya kupandisha na kushusha pua, pua ikapanda na haikushushika. Wastani ukapandishwa baada ya hapo.

Saa 1 hesabu. Kila uzito unauzidisha na umbali wake kutoka alama ya kupimia, jumla unagawa kwa uzito wote, unapata kitovu cha uzito kimekaa wapi, na lazima kiwe ndani ya mipaka ya mtengenezaji. Leo kikatoka nyuma! Washkaji watatu wamejipanga siti za mwisho na maboksi ya mvinyo yako nyuma yao. Nikawahamisha wawili mbele, maboksi yakasogea, wavu ukakazwa. Wamenuna, sawa tu.

Saa 2 wakaondoka.

Saa 7 tunakula wali maharage, dogo wa mafunzo anauliza mbona marubani wengine wanapenda mzigo uwe nyuma kidogo. Ni kweli, mkia haukandamizi sana chini, ndege inateleza vizuri hewani na usukani unakuwa mwepesi. Tatizo ni huo wepesi wenyewe, upepo ukiinua pua hairudi upesi yenyewe, ukizidisha hairudi kabisa, na ikistoli, yaani mbawa zikiacha kubeba ndege, pua inagoma kushuka ili ishike mwendo tena, hapo umekwisha. Ukilemea mbele ndege inatulia sana ila inakuwa nzito, mkia unakandamiza zaidi kwa hiyo mbawa zinabeba mzigo wa ziada, inastoli kwenye mwendo mkubwa zaidi, inakula ranwei, na wakati wa kutua rubani anavuta usukani pua inasitasita kupanda. Hapa tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, jua la mchana hewa inakuwa nyepesi, ranwei ya kuchezea huna.

Saa 10 kepteni karudi, trimu, ile ya kurekebisha ndege itulie bila kung'ang'ania usukani, anasema ilikaa vizuri tu. Kesho ni watu 9 na pampu ya kisima, nishamwambia dogo awahi.